Nilidhani ni Ubuyu

Kaa hapa karibu, wewe mwenye mtoto ambaye tumbo lake limejaa upande wa kushoto na hujui kwa nini. Kaa na wewe uliyeambiwa juzi kwamba mwanao ana mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya chakula, na kwamba inaweza kupasuka. Najua unaogopa. Udaktari sitakufundisha, siujui. Nitakueleza niliyoyapitia, polepole, na pale nilipokosea nitasema nilikosea, ili wewe usikosee hapo hapo.

Mimi natengeneza ubuyu. Naishi mjini, mtaa wa Nkuhungu, ila kwetu ni Kondoa. Nachemsha sukari na maji kwenye sufuria kubwa, natia rangi nyekundu, iliki, chumvi na pilipili kidogo, kisha namwaga ubuyu na kukoroga kwa mwiko mrefu mpaka kila punje ivae ule wekundu. Wateja wangu ni wanafunzi na wasafiri. Vidole vyangu ni vyekundu mwaka mzima, hata kwenye harusi. Mtoto akila ubuyu wangu, ulimi wake hubaki mwekundu mpaka jioni. Likumbuke hilo la ulimi.

Mwanangu anaitwa Zaituni, tunamwita Zai. Wakati huo alikuwa na miaka sita. Miguu myembamba, tumbo limetangulia. Jirani mmoja alisema ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Mwingine alisema ni bandama, achanjwe chale tumboni kama walivyochanjwa watoto wa zamani. Chale nilizikataa, na nilijiona mama mwerevu sana kwa kuzikataa. Hospitali sikumpeleka. Alikuwa anacheza, anakula, anacheka. Nikasema atakua, tumbo litashuka.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, watu wako mashambani wanapanda. Mchana huo nilikuwa uani, nimetoka kuanika ubuyu kwenye sinia. Nikaingia ndani kuchukua vifuko vya kufungia, nikamkuta Zai amechuchumaa nyuma ya mlango. Mbele yake sakafu nyekundu.

"Zai! Umeiba ubuyu wa watu!"

"Sijaiba, mama."

"Toa ulimi."

Akatoa. Ulikuwa mwekundu.

"Na huu ni nini?"

"Sijui. Lakini sijala, mama. Wallahi sijala."

"Unaapa na ulimi mwekundu hivyo?"

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikamchapa mara tatu. Kisha nikamtupia tambara nikamwambia afute uchafu wake. Mwanangu akapiga magoti akaifuta damu yake mwenyewe, huku akilia kimyakimya, na mimi nikarudi uani kuhesabu vifuko.

Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi mno. Ile nyekundu ilikuwa nzito, ina mabonge kama maini. Na haikunukia iliki. Mimi ambaye naijua harufu ya iliki kuliko harufu ya nguo zangu, niliinama pale, nikasikia harufu kama ya msumari wenye kutu, na bado nikasema ni ubuyu. Sikuangalia. Nilishaamua.

Baada ya siku ile Zai alianza kupauka. Viganja vikawa vyeupe, midomo ikawa na rangi ya majivu. Akipanda ngazi ya barazani anahema. Nikampeleka zahanati, wakampima, wakasema damu imepungua sana, wakampa dawa ya kuongeza damu, na muuguzi akaniambia neno la kweli kabisa: "Mama, akinywa hii choo kitakuwa cheusi. Usishtuke." Akaniuliza kama mtoto amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kabla. Nikajibu hapana. Sikumdanganya kwa kusudi. Kichwani mwangu mtoto alikuwa ametapika ubuyu.

Basi choo kikawa cheusi, nami sikushtuka. Sikuangalia tena. Siku hizi natambua tofauti. Choo cha ile dawa ni cheusi tu. Choo chenye damu kinafanana na lami ya barabarani, kinanata, na kina harufu mbaya ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Ningeyajua hayo kama ningesimama mlangoni mwa choo mara moja tu. Zai naye alianza kwenda chooni peke yake na kopo kubwa la maji, anamwaga mpaka kila kitu kiondoke. Nilimsifu kwa usafi.

Zabibu zilipokuwa zimeiva na kila kona ya mji inauza zabibu, ndipo siku yenyewe ikafika. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Baba Zai, ambaye ni fundi ujenzi, hakuwa na kazi siku hiyo, tumekaa tunakunywa chai. Zai akatokea uani akasimama mlangoni. Akafungua mdomo, akatoa ulimi wote nje, akanionyesha. Ulimi ulikuwa mweupe kama chaki.

"Mama, tazama," alisema. "Sijala."

Halafu akatapika. Ilitoka nyingi, kwa kishindo, ikaruka mpaka kwenye kikombe cha baba yake. Ikatoka tena. Baba Zai alimdaka kabla hajaanguka. Mimi nilisimama na kitafunwa mkononi, na nilichokuwa nakisikia masikioni ni lile neno lake, sijala.

Tulimpeleka kwa bajaji mpaka hospitali kubwa, amelala ubavu mapajani mwangu. Pale mapokezi walipoona kitenge changu kilivyolowa damu hawakutuambia tusubiri foleni. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya chini, alimwekea dripu huku akiniuliza maswali.

"Ameshatapika damu kabla ya leo?"

"Hapana, daktari."

Zai alikuwa amefumba macho, nikadhani hasikii. Akasema, "Ndiyo. Siku ya ubuyu."

Baba Zai akanigeukia. "Ubuyu gani?"

Nikavuta shuka nikamfunika Zai miguu. Daktari hakuinua macho. Aliandika tu, akamuuliza Zai kwa upole, "Na choo, mwanangu? Kilikuwa cheusi?"

"Ndiyo. Kabla ya dawa. Nilikuwa namwaga maji, mama asione."

Aliongezewa damu. Baba yake alitoa ya kwanza, mjomba wake ya pili. Kutapika damu kulipotulia, wakampeleka kwenye kipimo cha kamera. Wanamlaza mtoto usingizi wa dawa, wanapitisha mpira mwembamba mdomoni, wanaiona mishipa iliyovimba, wanaifunga mmoja mmoja kwa vipira vidogo sana. Usiogope neno lenyewe. Mtoto hasikii. Anayesikia ni wewe uliyeko kwenye benchi nje, na mlango ule una kitasa kinacholia kila mtu akipita, na kila kikilia unanyanyuka. Mama mmoja kutoka Chemba, ambaye mwanawe alikuwa wodi hiyo hiyo, alinipa uji wa uwele kwenye kikombe cha mfuniko. Hakuniuliza kitu. Nilikunywa wote, nikamrudishia kikombe bila hata kusema asante. Nimemtafuta baadaye nisimpate. Kama unanisikia, dada, asante.

Daktari alitueleza kwa maneno machache, nami huwaeleza wenzangu hivi: ni kama maji ya mtaani. Bomba kubwa likiziba, maji hulazimisha njia kwenye vibomba vidogo visivyotengenezwa kwa kazi hiyo, navyo vinavimba, na siku moja vinapasuka. Mshipa mkubwa wa kupeleka damu kwenye ini la Zai ulikuwa umeziba. Ini lenyewe halikuwa na ugonjwa. Bandama imevimba kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha akauliza, "Alipozaliwa, kitovu kilipata usaha?"

Kilipata. Nilijifungulia Kondoa, na mama yangu ndiye aliyenilea uzazi. Kitovu kilichelewa kudondoka, kikanuka siku kadhaa, kikapona.

"Mlipaka kitu?"

"Mama alipaka samli. Na majivu."

Daktari akasema, na nakumbuka kila neno: "Huenda usaha ulisababisha. Huenda siyo. Watoto wengi wa namna hii hatujui chanzo, na kwa huyu pia hatutajua. Kwa mtoto mwingine, kitovu kiachwe kikavu, basi."

Baba Zai alisikia nusu ya kwanza tu. Alitoka nje ya wodi akampigia simu mama yangu Kondoa, nami nyuma yake nikisikia kila neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mama, ulimpaka nini mwanangu kitovuni?"

Sauti ya mama yangu ikatoka ndogo: "Samli, baba. Na majivu kidogo. Hata huyo mkeo nilimpaka hivyo hivyo."

"Basi jua umetuulia mtoto."

Akakata. Na mimi nilisimama pale, pembeni ya bomba la kunawia mikono, nikanyamaza. Nitakuambia kwa nini, maana nimeahidi kutoficha. Lawama ikiwa Kondoa, haiko Nkuhungu. Ile habari ya ubuyu ingesahaulika. Nilimwacha mama yangu mzazi abebe mzigo wake na wangu, kwa jambo alilolifanya kwa mapenzi, na huenda hata halikuhusika.

Tuliruhusiwa na dawa ya kunywa kila siku, ya kupunguza nguvu ya damu kwenye ile mishipa, na tarehe ya kurudi kufungwa tena baada ya wiki chache. Siku hiyo ya kuondoka daktari alinivuta pembeni.

"Mama Zai, vipira hudondoka vyenyewe baada ya siku kadhaa, na hapo panaweza kuvuja. Na mishipa mingine bado haijafungwa. Kutoka leo mpaka mishipa yote inywee, atakayejua wa kwanza kwamba damu inatoka ni yeye. Choo cheusi, kizunguzungu, kichefuchefu. Akikwambia saa ile ile, tunawahi. Akificha siku mbili, sijui." Akanitazama. "Huwa anakwambia?"

Nilisema ndiyo. Alijua sisemi kweli, na mimi nilijua anajua.

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Dawa, chakula laini cha siku za kwanza, uji uliopoa, maziwa, mlenda na ugali mlaini, hayo yalikuwa mepesi. Kuacha kununua dawa za maumivu dukani kiholela, kama asprini na zile za kupunguza uvimbe ambazo zinachochea kutoka damu, hilo nalo jepesi, unauliza daktari kwanza. Kumzuia asirukiwe tumboni upande wa bandama, tuliongea na mwalimu. Lakini kumfanya mtoto akuambie jambo baya linalotokea mwilini mwake, wakati mara ya kwanza alipotokwa na damu ulimchapa, hilo halina dawa ya kunywa.

Nilimuuliza kila asubuhi, "Choo kikoje leo?" Alijibu kila asubuhi, "Kizuri, mama," akitazama vidole vyangu vyekundu.

Raundi ya pili ya kufungwa ilikuja mvua zikiisha, ya tatu kwenye baridi ya upepo ule unaopasua midomo. Kwenye raundi ya pili muuguzi alimwambia achague mkono wa kuchomwa sindano. "Wewe ndiye mwenye mikono, sema." Zai akachagua wa kushoto, akamtazama yule muuguzi kwa namna ambayo hajanitazama mimi kwa miezi. Niliona wivu. Kumwonea wivu muuguzi kwa sababu ya sindano, ndipo nilipokuwa nimefika.

Shuleni walimtania kwa tumbo. "Zai, umemeza mpira?"

"Ndiyo," akawajibu, "vipira sita. Wewe umemeza vingapi?"

Alimsimulia baba yake, si mimi. Nilisikia nikiwa jikoni wakicheka.

Mama yangu hakuja raundi ya pili. Alikuja ya tatu, kwa basi la asubuhi kutoka Kondoa. Tangu niolewe hajawahi kufika kwangu bila dumu la samli. Siku hiyo alisimama mlangoni na pochi tu, mikono mbele kama mgeni.

"Sikuleta samli," alisema.

Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Baba Zai alimwamkia bila kumtazama. Zai akaenda akakaa miguuni pake, na bibi yake hakumgusa, kana kwamba mikono yake ina sumu. Nilivumilia mpaka chai ikaisha. Kisha nikasema, mbele yao wote, na mbele ya Zai:

"Nina neno. Mvua za kwanza Zai alitapika damu hapa, nyuma ya mlango huu. Aliniambia hajala ubuyu. Nikamchapa kwa mwiko. Nikamfanya afute. Angewahi hospitali miezi kabla, kama ningemwamini. Baba Zai, ukitaka mtu wa kumlaumu, yuko hapa, acha kumpigia simu mama yangu."

Baba Zai alinyanyuka akatoka. Alirudi kula, lakini hakuongea nami siku nyingi, na mpaka leo kuna mambo hatuyagusi. Mama yangu alilia. Hakunisamehe kwa maneno, aliniambia tu, "Uliniacha mwenyewe, mwanangu," na hilo nimelibeba. Sikupata faraja niliyoitegemea. Usitubu ukitegemea faraja.

Zai ndiye aliyeuliza: "Kwa hiyo siku ile sikuiba?"

"Hukuiba."

"Na wewe ndiye uliyekosea?"

"Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, mwanangu."

Akafikiri. "Sawa," alisema, kama mtu anayepokea kitu ambacho atakikagua baadaye.

Mwiko ule niliuvunja nikautia motoni. Ubuyu bado natengeneza, ndiyo kazi ninayoiweza, ila rangi nyekundu nimeiacha. Natia ya njano. Wateja walilalamika, wengine wakahama. Sitaki tena kitu chekundu ndani ya nyumba yangu ambacho si damu.

Ilipita wiki moja na siku kadhaa baada ya kufungwa kwa mara ya tatu. Asubuhi, kabla ya shule, nikasikia sauti kutoka chooni.

"Mama! Njoo uone."

Nilikimbia hata ndala nikaziacha. Alikuwa amesimama, kopo la maji liko chini, limejaa, hajamwaga. Choo kilikuwa cheusi, kinang'aa, kile cha lami. Na yeye, mwanangu, alikuwa ameinua uso kwangu, mdomo wazi, ametoa ulimi wote nje nimkague.

"Funga mdomo, Zai," nilimwambia. "Funga, mwanangu. Nimekuamini."

Tulifika hospitali hajatapika. Kipira kimoja kilikuwa kimedondoka na pale palikuwa panavuja. Wakapashughulikia siku hiyo hiyo, na hakuhitaji kuongezewa damu. Daktari alisema tungechelewa mpaka kesho yake yangekuwa mengine. Zai akamwambia, "Mimi ndiye niliyesema." Daktari akampa mkono kama mtu mzima.

Sasa zabibu zimeiva tena. Mishipa imenywea, karibu yote. Bado anakunywa dawa kila siku, bado tunarudi kwa kamera kila baada ya miezi, na tumbo bado limetangulia. Hajapona kabisa, na anaweza asipone kabisa, lakini yuko darasa la pili na anakimbia. Na kila anapojisikia vibaya, hata mafua, anakuja kwangu, anasimama, anatoa ulimi kwanza ndipo aseme. Nimemwambia mara nyingi asifanye hivyo. Mwili wake umeshazoea kwamba kwa mama unaanza na ushahidi.

Wewe uliyenisikiliza, mwanao akitapika kitu chekundu, au choo chake kikiwa cheusi na kinanata, usimuulize amekula nini. Usifute, usimwage, usimpe kitu cha kunywa. Piga picha kwa simu yako, mlaze ubavu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na njiani mwambie umemwamini.